Bando Limelipiwa, Nani Aamue Lifungue Nini?

Mwishoni mwa Julai 2018, moto wa misituni uliopewa jina la Mendocino Complex ulikuwa ukitafuna vijiji na mapori kaskazini mwa California. Kikosi cha zimamoto cha Santa Clara kilipeleka huko gari la kuratibu kazi, ambalo hutegemea intaneti kujua magari mengine yako wapi na vikosi vipelekwe upande gani. Kazi ikiwa katikati, intaneti ya gari hilo ikawa nzito kiasi cha kutofaa. Kampuni ya simu ya Verizon ilikuwa imeibana hadi sehemu moja ya 200 ya kasi yake, kwa sababu kikosi kilikuwa kimevuka kiwango cha data cha mwezi. Wazimamoto walieleza kwamba wako kazini kwenye moto. Wakaelekezwa wahamie kifurushi kingine, cha bei inayozidi maradufu.

Mwezi huohuo, kuanzia tarehe 1, Mganda aliyekuwa na MB zake kwenye simu alijikuta hawezi kufungua WhatsApp, Facebook wala Twitter mpaka alipe kwanza shilingi 200 za siku hiyo. Data alikuwa ameshainunua. Serikali ilikuwa imeweka kodi juu ya baadhi ya vitu ambavyo data hiyo ingefungua, na kampuni za simu zikaamriwa kufunga mlango kwa kila asiyelipa.

Kule California aliyebana alikuwa mfanyabiashara, na kule Uganda alikuwa dola. Aliyebanwa, pande zote mbili, ni mteja aliyekwisha kulipa. Visa hivi viwili vimebeba swali ambalo mabunge, mahakama na wadhibiti wa mawasiliano wamelivuta huku na huku kwa zaidi ya miaka 20: je, serikali isimamie kwa sheria namna kampuni zinavyowapa watu intaneti, au iache soko lijiendeshe? Na ikisimamia, nani ataisimamia serikali yenyewe?

Kanuni inayogombaniwa

Kanuni hiyo huitwa usawa wa mtandao. Profesa wa sheria Tim Wu ndiye aliyeipa jina na kuieneza kwa makala yake ya mwaka 2003. Inasema hivi: kampuni inayomuunganisha mtu na intaneti ipitishe kila kitu kwa namna moja, bila kujali kimetoka kwa nani, kinakwenda kwa nani, wala kama ni barua, sauti, picha au filamu. Anayetaka kasi kubwa alipe zaidi, na anayetaka data nyingi alipe zaidi. Lakini akishalipa, yeye ndiye anayechagua aitumie kwa lipi.

Ili kuelewa kwa nini kanuni hii inahitajika, ni lazima kujua mitambo inavyofanya kazi. Kila kinachopita mtandaoni hukatwa vipande vidogo, na kila kipande hubeba anwani ya kilikotoka na kinakokwenda. Zamani mitambo ilisoma anwani tu na kukisukuma kipande mbele. Mitambo ya leo ina uwezo wa kutambua kwamba hiki ni cha WhatsApp, kile ni cha YouTube, na kile kingine ni cha simu ya intaneti inayoipunguzia kampuni mapato ya dakika za maongezi. Ikishatambua, inaweza kukizuia, kukichelewesha, kukipisha mbele ya vingine kwa sababu mwenye nacho amelipa, au kukiacha kipite bila kukata MB za mteja. Hili la mwisho ndilo linalopendwa na watu, na ndilo gumu kuliko yote kuliamua.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko intaneti. Kwa karne nyingi sheria za Uingereza zilimtaka mwenye kivuko cha umma amvushe kila anayefika na nauli. Abiria wa kivuko cha Kigamboni halipishwi zaidi kwa sababu anakwenda harusini badala ya hospitalini, na kampuni za simu nazo zilifungwa na kanuni ya namna hiyo: Marekani iliiingiza katika Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1934. Kilichobaki kubishaniwa ni kama intaneti nayo imo ndani ya sheria hiyo.

Tatu kwa mbili

Hakuna nchi iliyobishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu, na kwa kugeukageuka, kama Marekani. Mwaka 2005 kampuni ndogo ya simu ya North Carolina, Madison River, ilinaswa ikiwazuia wateja wake kutumia huduma ya Vonage, iliyowawezesha kupiga simu kwa intaneti. Sababu haikuhitaji mtaalamu kuigundua: kampuni ilikuwa ikiuza simu za kawaida. Tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ikaitoza dola 15,000 na kuiamuru iache.

Miaka miwili baadaye ikafika zamu ya kampuni kubwa. Mteja mmoja wa Comcast, mwenye ujuzi wa mitandao, aliona kwamba kila akijaribu kuwagawia wenzake rekodi za nyimbo za zamani kupitia BitTorrent, mfumo wa watu kugawiana mafaili moja kwa moja, mawasiliano yanakatika. Kampuni ikakana. Shirika la habari la Associated Press likafanya jaribio lake mwezi Oktoba 2007, likijaribu kugawa nakala ya Biblia, nalo likakatiwa. Ikadhihirika kwamba mitambo ya Comcast ilikuwa ikipenyeza ujumbe wa kughushi, unaoonekana kama umetoka kwa mtu wa upande wa pili, wenye maana kwamba mazungumzo yamekwisha. Kompyuta zote mbili ziliamini na kuachana.

Tume iliiamuru Comcast iache mwaka 2008, lakini mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema tume haikuwa na mamlaka hayo. Tume ikatunga kanuni mpya Desemba 2010. Kampuni ya Verizon ikashtaki, na Januari 2014 mahakama ikazifuta sehemu kubwa. Mantiki ya mahakama ilikuwa kwamba tume yenyewe ndiyo iliyoiweka intaneti katika kundi la huduma za habari, kundi lisilobanwa na wajibu wa msafirishaji wa umma, hivyo haiwezi kuitwisha wajibu huo kwa mlango wa nyuma.

Februari 26, 2015, chini ya uenyekiti wa Tom Wheeler, tume ikaihamishia intaneti kwenye kundi la simu, chini ya sheria ile ya 1934. Kura zilikuwa tatu kwa mbili. Desemba 14, 2017, chini ya Ajit Pai, ikairudisha ilikotoka: tatu kwa mbili. Aprili 25, 2024, chini ya Jessica Rosenworcel, ikaihamisha tena: tatu kwa mbili. Mara zote kura zilifuata vyama, na mara mbili za mwisho kilichokuwa kimebadilika ni aliyekaa Ikulu ya Washington.

> Mara tatu katika miaka tisa Marekani iligeuza kanuni hii, na mara zote kwa kura tatu kwa mbili.

Januari 2, 2025 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa sita, yenye makao Cincinnati, ilizifuta kanuni za 2024. Iliegemea hukumu ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ya Juni 2024, iliyosema kwamba pale sheria ya bunge inapokuwa na utata, majaji ndio wenye neno la mwisho, wala hawalazimiki kuifuata tafsiri ya taasisi ya serikali. Katika ngazi ya taifa, kanuni ikazikwa.

Ndani ya mvutano huo kuna sura inayotia uchungu. Tume ilipoita maoni ya wananchi mwaka 2017, yalimiminika zaidi ya milioni 22. Uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, uliotangazwa mwaka 2021, ulibaini kwamba karibu milioni 18 yalikuwa bandia. Zaidi ya milioni nane yalitokana na kampeni iliyofadhiliwa na kampuni za intaneti, yakipachikwa majina ya watu halisi wasiokuwa na habari. Mengine milioni saba na ushee, ya upande wa pili, yalitengenezwa na kijana mmoja wa chuo. Raia aliyeandika kwa mkono wake na kwa nia yake alizamishwa katika kelele hizo.

Na wazimamoto? Verizon ilisema lile lilikuwa kosa la huduma kwa wateja na halikuhusu usawa wa mtandao. Kuna ukweli ndani yake, kwa kuwa gari lilibanwa kwa kumaliza data, na wala hakuna tovuti iliyobaguliwa. Hata hivyo kanuni za 2015 zilikuwa zimeacha kufanya kazi Juni 11, 2018, na pamoja nazo sehemu kubwa ya mamlaka ya mdhibiti kusikiliza lalamiko la namna hiyo. Mahakama ya rufaa ya Washington, katika hukumu ya Oktoba 2019, iliikubali sehemu kubwa ya hatua ya Pai, lakini ikaikosoa tume kwa kutofikiria usalama wa umma, na kisa cha Santa Clara kikatajwa humo. Hukumu hiyohiyo iliikatalia tume kuyazuia majimbo kwa jumla yasijitungie sheria zao. California ilikuwa imeshatunga yake Septemba 2018, na hadi sasa ndiyo ngao iliyobaki kwa mamilioni ya Wamarekani.

Hoja za kampuni

Wanaopinga udhibiti wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Ya kwanza ni mtaji. Minara, nyaya za faiba na leseni za masafa hugharimu fedha nyingi, na mwekezaji huogopa sekta ambayo mdhibiti anaweza siku moja kumpangia bei. Ya pili ni ya kiufundi: si kila kitu mtandaoni kina haraka sawa. Barua pepe ikichelewa sekunde mbili hakuna anayejua, ila mazungumzo ya video kati ya daktari na mgonjwa yanaharibika. Kampuni inahitaji nafasi ya kuusimamia msongamano.

Hoja hiyo ya pili ni ya kweli, na karibu kila sheria ya usawa imeizingatia. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 inaruhusu hatua za kupunguza msongamano mradi zisimpendelee mtu kwa sababu za kibiashara na zisidumu kuliko inavyohitajika. Daktari anaweza kupishwa mbele kwa sababu kazi yake haistahimili kuchelewa. Kinachokatazwa ni kumpisha mwenye filamu kwa sababu ameweka fedha mezani.

Hoja ya mtaji haijathibitika kwa uzito uleule. Marekani ilijenga mitandao wakati wa kanuni na wakati usio na kanuni, na kila upande hutumia takwimu za miaka inayoufaa. Wapinzani wa udhibiti husema kwa haki kwamba baada ya 2018 intaneti ya nchi hiyo haikuvunjika kama ilivyotabiriwa. Watetezi hujibu kwamba sheria za majimbo na macho ya umma viliwazuia wenye nia. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi.

Kuna hoja ya tatu, inayopata nguvu mwaka hadi mwaka: kwamba kampuni chache za filamu na mitandao ya kijamii zinajaza mabomba yaliyojengwa na wengine, hivyo zilipe sehemu ya gharama. Korea Kusini ndiyo iliyolijaribu wazo hilo kwa uzito zaidi. Kampuni ya SK Broadband ilipambana na Netflix mahakamani kwa miaka hadi walipopatana Septemba 2023. Jukwaa la Twitch lilifunga huduma zake nchini humo Februari 2024, likisema ada za mtandao ni kubwa mno kuliko kwingineko. Netflix ilimudu kupambana na kupatana. Kijana mwenye jukwaa dogo la video, Busan au Arusha, asingemudu.

Bure ya nani?

Swali gumu zaidi halihusu kuzuia wala kuchelewesha. Linahusu bure, na hili limefika Afrika Mashariki mapema kuliko sehemu nyingi za dunia.

Julai 2014 Facebook ilizindua Zambia programu iliyoitwa Internet.org, iliyomwezesha mteja wa Airtel kufungua tovuti chache bila salio. Mwezi Oktoba ikaingia Tanzania kupitia Tigo, na Novemba ikaingia Kenya kupitia Airtel. Baadaye iliitwa Free Basics. Ndani yake mlikuwa na Facebook yenyewe, Wikipedia, habari, kurasa za afya na za ajira. Nje yake palibaki intaneti nzima, na aliyetaka kutoka alipaswa kununua data.

Tanzania na Kenya mpango huo uliingia bila kelele kubwa. India ulizua moja ya mijadala mikubwa ya umma ambayo sekta ya mawasiliano imewahi kuiona popote. Mdhibiti wa nchi hiyo, TRAI, alikuwa ameita maoni mapema mwaka 2015, na barua pepe zaidi ya milioni moja zikamfikia. Kampuni ya Airtel ilipotangaza mpango wa kuruhusu wafanyabiashara wawalipie wateja data za kufungua programu zao, hasira za watu zilimfanya mshirika wake mkubwa, duka la mtandaoni la Flipkart, ajitoe.

Mark Zuckerberg mwenyewe aliandika katika gazeti la *Times of India* Desemba 2015 kuitetea Free Basics, akisema kwamba kumpa asiye na kitu sehemu ya intaneti ni bora kuliko kumwacha bila chochote. Mwandishi Nikhil Pahwa, mmoja wa sauti kuu za upinzani, alimjibu katika gazeti hilohilo: kwa nini maskini achaguliwe tovuti? Kama nia ni kumsaidia, apewe data chache za bure azitumie atakavyo.

Februari 8, 2016 TRAI ikapiga marufuku bei za data zinazobagua kwa maudhui, ikaweka faini ya rupia 50,000 kwa kila siku ya kukiuka. Siku chache baadaye Facebook ikaifunga Free Basics nchini humo. Septemba mwaka huohuo kampuni ya Jio ikaingia sokoni, bei za data zikaporomoka, na mamia ya mamilioni ya Wahindi wakapata intaneti nzima. Ni lazima isemwe wazi kwamba kilichoshusha bei ni ushindani. Marufuku ya TRAI haikumpunguzia mtu hata rupia moja. Lakini marufuku hiyo ilihakikisha kwamba watu walipoingia, waliingia kwenye intaneti isiyokuwa na mlango mmoja wenye jina la kampuni moja.

> Kama nia ni kumsaidia asiye na data, apewe data chache azitumie atakavyo.

Afrika Mashariki njia ilikuwa tofauti. Vifurushi vya mitandao ya kijamii vimekuwa sehemu ya maisha: bando la WhatsApp la siku, la wiki, la wanachuo. Mama anayeuza vitenge kwenye kundi la WhatsApp huko Mwanza hafikirii kwamba anabaguliwa. Anafikiri amepata nafuu, na kweli ameipata. Hasara yake haionekani kwa sababu inahusu visivyokuwapo. Anayetengeneza programu ya masoko ya mazao kwa Kiswahili anashindana na jukwaa ambalo kwa mteja ni rahisi au ni bure, huku yake ikikata MB. Gazeti la mtandaoni linaloandika habari kamili linafunguliwa kwa data ya bei kamili, ilhali uvumi uliosambazwa kwenye kundi unafika kwa bando la bei poa. Watu wakikaa ndani ya ukuta huo miaka kumi, mradi kama huo wa Kiswahili haupati nafasi ya kuzaliwa, na hakuna takwimu itakayouhesabu.

Dunia imeanza kuliona hili. Chile, iliyokuwa ya kwanza kutunga sheria ya usawa wa mtandao mwaka 2010, ilizuia ofa za mitandao ya kijamii ya bure mwaka 2014. Mahakama ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la Telenor ya Hungary la Septemba 2020, ilisema si halali kuziacha programu fulani ziendelee kufanya kazi huku nyingine zikibanwa data inapokwisha. Nchi zetu hazina sababu ya kuiga kila neno la Brussels au Santiago. Zina sababu ya kuuliza swali lilelile: nafuu hii, mwishowe analipa nani?

Mkono wa pili

Hadi hapa hoja inaelekea upande mmoja: mdhibiti aingie kati, awazuie wafanyabiashara wasibague. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Kampala au Kinshasa, hoja haiwezi kuishia hapo.

Kodi ya Uganda ya 2018 ilitanguliwa na barua ya Rais Museveni iliyolalamikia umbea wa mitandaoni, *lugambo* kwa Kiganda. Serikali ilitarajia mapato makubwa. Mamlaka ya mapato ilikusanya shilingi bilioni 49.5 katika mwaka wa kwanza, dhidi ya lengo la bilioni 284. Watu walihamia VPN, programu za kukwepa vizuizi vya mtandao, wengine wakaacha kabisa kutumia intaneti. Kodi ilifutwa Julai 2021, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Kodi ya pili inaumiza mfuko. Ya kwanza iliumiza mfuko na ikachagua watu waongee wapi.

Na kodi ni hatua ndogo. Kongo ya Kinshasa ilizimiwa intaneti siku moja baada ya uchaguzi wa Desemba 30, 2018, ikarudishwa baada ya takriban siku 20. Uganda ilizimwa yote kwa siku tano kuzunguka uchaguzi wa Januari 2021, na Facebook ikabaki imefungwa kwa miaka. Tanzania, mitandao ya kijamii ilibanwa wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020. X, zamani Twitter, ikafungwa Mei 2025. Kisha kuanzia siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kenya, Telegram imewahi kuzuiwa wakati wa mitihani ya kidato cha nne kwa hoja ya kukomesha wizi wa mitihani.

Serikali hutoa sababu zake: usalama, uchochezi, habari za uongo, maadili ya watoto. Zipo zenye uzito. Hakuna anayetetea picha za unyanyasaji wa watoto zipite kwa jina la usawa, na mahakama inaweza kuamuru tovuti ya namna hiyo ifungwe. Lakini kuuzima mtandao wa nchi nzima hakuchagui mkosaji. Huwanyamazisha pamoja na wachochezi mgonjwa anayemtafuta daktari, mfanyabiashara anayesubiri malipo kutoka nje na mzazi aliye Muscat au Minneapolis anayetaka kujua kama watoto wake wako hai. Uvumi nao hustawi zaidi mahali ambapo hakuna wa kuukanusha.

Kiufundi, mtambo unaobana BitTorrent kwa faida ya kampuni ndio unaobana WhatsApp kwa amri ya serikali. Tofauti ni nani aliyetoa maelekezo. Kwa hiyo anayesema serikali iachwe nje kwa sababu serikali zetu huzima mitandao amekosea mahesabu. Serikali tayari imo ndani. Inatoa leseni, na mwenye leseni hawezi kukataa amri. Ambacho hakimo ni sheria inayoiambia serikali yenyewe wapi ikome.

> Mtambo unaobana kwa faida ya kampuni ndio unaobana kwa amri ya serikali.

Misingi ipo. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu uhuru wa kuwasiliana na haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano yake. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika azimio lake la mwaka 2019 kuhusu uhuru wa kujieleza, ilizitaka nchi zisikate wala kuvuruga intaneti ya raia. Mahakama ya jumuiya ya Afrika Magharibi, ECOWAS, ilihukumu Juni 2020 kwamba Togo ilivunja haki za watu ilipozima intaneti mwaka 2017. Hukumu hiyo haiifungi nchi yoyote ya Afrika Mashariki, lakini inaonyesha kwamba majaji wa Afrika wanaweza kulisikiliza jambo hili na kuliamua.

Bei na nyaya

Usawa hauna maana kwa asiyefikiwa. Hapa mchango wa serikali haukwepeki, na kwa sehemu umekuwa mzuri. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote wa Tanzania, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, husaidia kujenga minara vijijini ambako kampuni zisingekwenda kwa hesabu za faida pekee. Aprili 2021, vifurushi vilipopanda ghafla na watu wakapaza sauti, serikali ilisitisha bei hizo mara moja. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania ikadhoofika vibaya, na ikawa wazi kwamba njia mbadala ni jambo la kupangwa kitaifa. Soko peke yake halijawahi kujenga mnara pasipo na wateja.

Sheria inayohitajika si ndefu. Iikataze kampuni ya simu kuzuia, kuchelewesha au kupendelea maudhui kwa sababu ya fedha au ushindani, ikiacha nafasi ya kusimamia msongamano kwa uwazi. Imlazimu mdhibiti kupima kila ofa ya bure kwa kuangalia nani anaachwa nje. Iikataze serikali kuzima au kubana mtandao mzima, na kwa tovuti moja moja idai amri ya mahakama yenye sababu zilizoandikwa na muda wa mwisho. Na itungwe na bunge, kwa sababu Marekani imeonyesha kinachotokea kanuni inapoachwa mikononi mwa wajumbe watano.

Wadhibiti wa mawasiliano wa Tanzania na Kenya huita maoni ya wananchi wanapoandaa kanuni mpya. Maoni mengi yanayofika mezani hutoka kwa kampuni, zenye wanasheria wa kuyaandika. Msomaji anayenunua bando kila wiki anao ushahidi ambao hao wanasheria hawana: kipi kilifunguka, kipi kiligoma, siku gani, na alilipa kiasi gani. Rasimu ijayo itakapotoka, auandike kwa lugha yake, atie jina lake, na aupeleke kabla ya siku ya mwisho.